Tufe Lililobaki Mkobani

Kwa nini mtu aliyecheza bowling miaka ishirini na saba afike kwenye mchezo alioungoja kuliko yote, afungue zipu ya mkoba wake, alitazame tufe lake, kisha aifunge zipu bila kulitoa? Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Mtu huyo ni baba yangu. Jibu sikuwa nalo, na kwa sababu sikuwa nalo nilimkasirikia, kama ninavyokasirikia kila jambo nisilolielewa.

Lakini nianze na adui, maana naandika haya kwa nia mbaya na sioni sababu ya kuificha.

Adui alikuwa mcheza futiboli ya Kimarekani aliyestaafu akageuka mchekeshaji wa televisheni. Simtaji jina, kumtaja ni kumpa kile alichozoea kupewa. Nitamwita Nyota. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, Nyota alikuja kwenye ukumbi wa bowling wa Crystal, Minnesota, kuongoza harambee ya wodi ya watoto wagonjwa. Watu maarufu wanne au watano walipangwa kila mmoja na mchezaji wa kulipwa, wakacheza mbele ya kamera, watu wakacheka, wakachanga. Sherehe yenyewe ndiyo hiyo.

Baba alikuwa mmoja wa wachezaji wa kulipwa. Usifikirie majumba na magari. Siku za kazi alikuwa msaidizi wa mfamasia kwenye duka la dawa Brooklyn Park, amevaa koti jeupe, akihesabu vidonge. Lakini kadi ya chama cha wachezaji alikuwa nayo, na mwisho wa juma mara kwa mara aliendesha saa tano kwenda mashindano ya kanda, akarudi na mgongo uliokakamaa kama ubao. Alikuja Minnesota kusoma. Chuo kilimtaka achukue somo moja la mazoezi ya viungo, naye akachagua bowling kwa sababu ndilo lililofanyika ndani na ilikuwa Januari. Ndugu zetu wa Songea hadi leo wanaamini anarusha tufe, lile la michezo ya shule, na shangazi yangu mmoja kila Krismasi huuliza siku hizi analifikisha mita ngapi. Sisi nyumbani tulicheka mpaka neno likawa letu. Kwetu mpira wa bowling ni tufe.

Mwaka wa kwanza Baba alipoalikwa kwenye harambee alipangwa na Nyota mwenyewe. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Tulikwenda wote watatu, Mama akiwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, bado ana viatu vya kazi.

Nyota hakujaribu hata kulitamka jina la Baba. Alilitazama kwenye karatasi, akaigeuza karatasi juu chini kana kwamba imechapwa vibaya, watu wakacheka. "Tumwite Mtaalamu," akasema. Akaiga matamshi ya Baba. Akaiga mwendo wake wa hatua tano kabla ya kurusha, lakini kama bata. Kisha akaenda njia ya pili, walipokuwa watoto wa wodini, akabeba kile kitelezesho cha chuma wanachotumia watoto wasio na nguvu ya kurusha: unaweka tufe juu, unalisukuma kidogo, linateremka lenyewe. Akakiweka mbele ya Baba.

"Hiki ni cha wataalamu tu," akasema kwenye kipaza sauti.

Kisha akachukua tufe la waridi, dogo kuliko yote ukumbini, akamkabidhi Baba kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukimpapasa kichwani.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Aliliweka juu ya kitelezesho, akachutama, akakisogeza kidogo kushoto, akafumba jicho moja kama mtu anayepima ukuta. Akalisukuma kwa kidole. Pini zote kumi zilizosimama mwisho wa njia zikaanguka. Ukumbi ulilipuka. Nyota akajitupa chini chali, akipigapiga miguu. Kwenye njia ya pili binti mmoja wa wodini, aliyekuwa akikitumia kitelezesho kile kile dakika moja kabla, alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama viatu vyake. Aliporudishiwa, alisema hataki tena. Hilo halikuonekana kwenye video.

Kwenye gari Mama hakungoja tutoke maegeshoni.

"Mngoni, umeona alivyokupa lile tufe? Kwa kushoto! Kama anamtupia mbwa mfupa."

"Nimeona, Mhehe."

"Na ukapokea."

"Nilipokea kwa mikono miwili. Mimi nimelelewa."

Ndivyo wanavyoitana. Wangoni na Wahehe ni watani, na wazazi wangu waliufanya utani huo kuwa ndoa.

"Baba, watu walikuwa wanakucheka wewe," nilisema kutoka kiti cha nyuma.

"Hata mimi nilicheka. Yule ni mtani wangu."

"Mtani wa wapi? Kabila gani la Marekani lina utani na Wangoni?"

"Wale wanaouita mpira wa miguu halafu wanaukimbiza kwa mikono."

Mama alicheka bila kutaka. Mimi sikucheka. "Mtani hurudishiwa, Baba. Ndiyo sheria yake. Huyu nani atamrudishia? Ana kamera, ana kipaza sauti, ana walinzi."

"Atarudishiwa. Utani hauna haraka. Babu yako alingoja miaka sita kumrudishia Mhehe mmoja."

"Mwongo," Mama akasema. "Hakuna Mngoni aliyewahi kumrudishia Mhehe. Tuliwakimbiza mpaka mkaishiwa pumzi, mahali mlipoangukia mkapaita Songea."

"Nitampa kwa mkono ule ule," Baba alisema, akawasha gari, akaanza kuuliza kama kuna mchele nyumbani.

Video ilifika kila mahali. Ilifika kwenye makundi ya simu ya Watanzania wa hapa, ikafika Dodoma, ikafika kwa shangazi, ambaye aliandika kwamba sasa ameelewa kwa nini hatumwambii mita. Jirani yetu Mkenya, nesi, alimkamata Baba kwenye ngazi: "Mzee, umekuwa celeb! Lakini huyo jamaa alikubeba ufala, si unajua?" Baba akasema anajua amefanywa mjinga.

Mimi nikalipeleka jambo chuoni. Nilikuwa na insha ya mwisho ya sosholojia, nikaandika kwamba harambee za watu maarufu zinauua mchezo wa bowling huku zikidai kuutangaza. Nilisema mpira wa kikapu ukifanya harambee, nyota wa filamu anaingia uwanjani kwa heshima, anafungwa, anatoka akisema kumbe ni kazi. Kwenye bowling ni kinyume: mtaalamu ndiye anayeshushwa hadi alipo mgeni, na watazamaji wanaondoka wakiamini kwamba mchezo huu ni viatu vya kukodi, pizza na bahati. Niliandika kurasa kumi na nane kwa hasira, na nilidhani hasira ndiyo hoja. Mwalimu alinipa alama nzuri. Chini kabisa aliandika kwa kalamu ya risasi: Umemuuliza baba yako?

Sikuwa nimemuuliza. Nilimwona mwalimu kuwa mvivu wa kufikiri.

Nilipohitimu sikupata kazi ya maana, nikachukua ya muda kwenye ukumbi ule ule wa Crystal. Sitadanganya kwamba sikuwa na lengo. Nilikuwa nalo, ila halikuwa na umbo. Nilitaka tu kuwa karibu na mahali pale harambee itakaporudi.

Umbo lilitoka kwa fundi wa ukumbi, mzee mkimya aliyekuwa akitafuna njugu mchana kutwa. Alinifundisha mashine ya mafuta. Mgeni akiingia kwenye ukumbi wa bowling huona mbao zinang'aa akafikiri zimepigwa deki. Zimepakwa mafuta. Mashine yenye ukubwa wa friji iliyolazwa hutambaa kutoka mstari wa kurushia kuelekea kwenye pini, ikiacha utando mwembamba usioonekana, na namna utando huo ulivyopangwa ndiyo mchezo wenyewe. Siku za kawaida mafuta hujazwa katikati, pembeni huachwa pakavu. Tufe likipotea pembeni linakuta ukavu, linashika, linarudi lenyewe. Ni huruma iliyopakwa sakafuni. Mashindanoni huruma hiyo huondolewa: mafuta husambazwa karibu sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na ukikosea kwa upana wa mbao mbili hakuna cha kukurudisha. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwenye skrini ya mashine ni namba tu: moja ni ya watu, tano ni ya mashindano.

"Ndiyo maana baba yako anatembea na kabati," fundi aliniambia. Alimaanisha mkoba wa magurudumu ambao Baba aliukokota mashindanoni, wenye matufe sita, kila moja likishika mafuta kwa namna yake. Na yote sita yametobolewa kwa kipimo cha vidole vya mkono wake wa kulia. Baba ana kidole cha kati kinene na cha pete chembamba. Matundu yake huwezi kuyakosea. Tufe la mtu mwingine, husema, ni kama meno ya bandia ya mtu mwingine: yataingia, lakini hutayatafunia.

Basi nilielewa siri ya Nyota. Mbele ya kamera alionekana anakaribia kumfikia Baba kwa sababu sakafu ilikuwa inambeba. Nilianza kuitazama ile namba tano jinsi mtu anavyotazama kisu kwenye droo ya jikoni.

Majira hayo ya baridi habari nyingine ilikuja. Baba aliileta mezani akijaribu kuisema kama habari ya hali ya hewa. Kampuni moja inayotengeneza matufe ilikuwa na mwakilishi wake, mama mmoja anayezunguka majimbo ya huku kuchagua wachezaji wachache wa kuivalia shati. Alikuwa ameiona video. Angekuja kwenye harambee ya mwaka huu kumtazama Baba.

"Shati tu?" Mama akauliza.

"Shati na safari za mashindano makubwa, si ya kanda tu. Lakini shati lenyewe, Mhehe, lina jina mgongoni. Jina lote, herufi zote."

Ubao wa matokeo wa kumbi nyingi hukata jina baada ya herufi chache. Miaka ishirini na saba Baba alikuwa amecheza chini ya nusu ya jina lake. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakuna aliyesema mezani kwamba mwakilishi mwingine hatakuja, lakini kila mmoja aliacha kutafuna kidogo.

"Anakutaka kwa sababu ya kitelezesho," nilisema. "Anataka kibaraka wa Nyota."

"Anataka kuona ninavyokaa na watu."

"Wewe ni mchezaji. Aone unavyocheza."

"Mama," aliniambia, na ananiita hivyo akitaka nishuke, "mtu akikukuta sokoni haulizi kwanza ulipitia njia gani."

Nilitaka kujibu kwamba mimi huuliza. Ukweli ni kwamba habari ile iliniumiza kwa sababu iliharibu insha yangu: dhihaka niliyosema inaua mchezo ndiyo iliyomletea Baba mlango. Na si yeye tu. Fundi alinionyesha orodha ya mafunzo ya watoto ya Jumamosi. Baada ya video ilikuwa imejaa. Mtu mwaminifu angekaa na jambo hilo akalifikiria upya. Mimi nililisukuma kando, kwa sababu hasira ilikuwa imeshanunua tikiti.

Baba alianza kwenda ukumbini Jumapili baada ya misa, siku ambayo mimi sikuwa kazini. Alirudi bega linamuuma, Mama akamsugua dawa ya kuchua akimwambia Mngoni uzee umebisha hodi. Nilijua anajinoa kwa ajili ya mwakilishi. Nilimhurumia, na huruma hiyo pia nikaiweka kwenye hesabu ya Nyota.

Siku ya harambee ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nje, theluji chafu ilikuwa imerundikwa kwenye pembe za maegesho kama nguo zinazongoja kufuliwa. Fundi alikuwa nyuma ya njia ya tisa akihangaika na mashine ya kupanga pini. "Paka mafuta wewe," alipaza sauti. "Namba moja, kote."

Njia nyingine zote nilipaka namba moja. Za watoto nilizikagua mara mbili. Nilipofika njia ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, za Nyota na Baba, nilibonyeza tano.

Nataka isomeke wazi nilichokuwa nakitaka. Nilitaka Nyota aaibike mbele ya kamera zake. Nilitaka arushe kama alivyozoea, pembeni, kwa majivuno, angoje tufe lirudi, na lisirudi. Na nilitaka karibu naye, juu ya mafuta yale yale, baba yangu asimame na kabati lake la matufe sita, achague linalofaa, aangushe pini zamu kwa zamu, hadi yule mwakilishi aweke kikombe chini. Nilitaka kila mtu aliyecheka ajue tofauti. Usiku kucha nilikuwa nimeiona picha hiyo, na mwishoni mwake daima Nyota alilitamka jina la Baba, lote.

Saa nne kasoro robo Baba aliingia akiwa na mkoba mdogo, wa tufe moja.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hili dogo ambalo mtoto yeyote wa mchezaji angelijua: kwenye mashindano mtu huja na kabati, kwenye harambee huja na tufe moja, kwa sababu harambee ni namba moja siku zote. Mashine ilikuwa bado ina moto. Njia mbili ni kazi ya dakika tatu. Watu walikuwa bado wanavua makoti.

"Shikamoo, Baba. Kabati umeliacha?"

"Marahaba. La nini? Leo ni siku ya kucheka." Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Aliupigapiga mkoba mdogo. "Leo, mama, utaona utani wa Kingoni."

Ningeweza kuirudisha mashine. Nilikuwa nimeshaushika mpini. Kisha mlango ukafunguka na Nyota akaingia na watu wake, miwani myeusi ndani ya nyumba, akapaza sauti: "Mtaalamu wangu yuko wapi? Nani ana lile tufe la waridi?" Na watu wakaanza kucheka kabla hajafanya chochote. Niliuachia mpini.

Yule mwakilishi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, sweta la kijivu. Alikaa nyuma ya njia ya kumi na tatu na kikombe cha kahawa.

Nyota alirusha kwanza, kujaribu. Alirusha pembeni, kwa majivuno, sawasawa na nilivyomwona kichwani. Akageuka kuitazama kamera kabla tufe halijafika, mikono juu. Tufe likaingia mferejini, pembeni mwa njia. Akarusha tena. Mferejini. La tatu likagusa pini moja ya kona, ikayumba, ikasimama. Siwezi kueleza utamu wake. Nimekula asali mbichi kwa bibi yangu Iringa. Haikuwa tamu hivyo. Nilisimama nyuma ya kaunta ya viatu na kopo la dawa ya kunyunyizia mkononi, nikasema moyoni, moja, mbili, tatu.

Baba alichukua tufe la ukumbi kwenye rafu, akarusha moja la kujaribu. Alilifuatilia kwa macho hadi mwisho. Hakuangalia pini, aliangalia mbao. Akainama kwenye mkoba wake, akafungua zipu, akatazama ndani. Akaja kaunta.

"Mwanangu, leo mmepaka mafuta gani?"

"Ya kawaida, Baba."

Alinitazama. Baba ana namna ya kukutazama kana kwamba anangoja umalizie sentensi. Nikaanza kunyunyizia dawa kiatu kilichokuwa kauntani.

"Haya," akasema.

Akarudi, akainama juu ya mkoba muda wa pumzi mbili, akaifunga zipu. Akaenda kwenye rafu, akachagua tufe la plastiki la ukumbi, la rangi ya machungwa, lenye matundu mapana ya vidole vya kila mtu.

Tufe la plastiki juu ya mafuta ya mashindano huenda moja kwa moja kama treni. Halipindi, halishiki. Baba alifanya alichoweza: pini saba, kisha mbili, nane, kisha moja. Mara tatu aliangusha zote, na mara hizo watu walipiga makofi ya adabu. Alipata mia na arobaini na kitu. Nyota alipata hamsini na nane. Kwa namba, Baba alishinda kwa mbali kuliko mwaka uliotangulia. Lakini hakuna aliyekuja kuona namba. Watu waliona mchezaji wa kulipwa anayekosa pini, na mchekeshaji anayekosa pini zaidi, na hata kicheko kikaanza kuchoka.

Nyota hakuaibika. Hilo ndilo ambalo halikuniingia akilini. Mtu asiye na aibu humwaibishi. Kufika zamu ya tano alikuwa amelala kifudifudi kwenye mstari akiubembeleza mfereji, akiuita mpenzi. Zamu ya saba akamgeukia Baba: "Mtaalamu, leo umekula nini? Mrudishieni kitelezesho chake!" Na mtu akakileta. Baba akatabasamu, akakirudisha mwenyewe kwenye njia ya watoto, akakaa huko kidogo, akimwelekeza mtoto mmoja jinsi ya kufumba jicho.

Alipogeuka, mwakilishi alikuwa anavaa koti. Nilikuwa napita na viatu mkononi, nikamsikia. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Labda mwakani," alimwambia Baba.

"Labda mwakani," Baba alisema. "Endesha taratibu, barabara ina barafu."

Mwakani hakukuwa na mwakani. Walialika mchezaji mwingine, kijana, mwenye meno mazuri. Kadi yake ya chama Baba hakuilipia tena ilipoisha. Kila Jumanne aliendelea kucheza na marafiki zake, chini ya nusu ya jina lake.

Kwenye gari siku ile Mama aliuliza, "Mngoni, tufe lako limekufanya nini?"

"Lilikuwa zito."

"Na ule utani wa Kingoni?"

"Utani umeahirishwa, Mhehe. Mvua."

"Mvua ya ndani ya nyumba."

Nilikuwa nimeshika magoti, nachemka. Hapo ndipo ilipozaliwa hasira yangu kwa Baba, na ilidumu. Nilijiambia kwamba aliyaona mafuta na akaogopa. Hata kwa tufe moja, kama ni lake, lililotobolewa kwa vidole vyake, mkono ule ungeweza kuyasoma. Nimemwona akifanya hivyo kwenye mashindano, zamu baada ya zamu akisogea mbao moja kushoto. Alikuwa na silaha mkobani akachagua mwiko. Nilihitimisha kwamba alimwachia Nyota makusudi, kwa adabu, kwa ile tabia ya wahamiaji wa umri wake ya kutotaka kumsumbua mwenye nyumba. Mara moja, miezi mingi baadaye, nilimuuliza kwa nini hakulitoa. Akasema tena lilikuwa zito. Kisha akasema, akikoroga chai yake, "Ungeniambia tu, mama. Kabla." Ilikuwa mara ya pekee aliyonionyesha kwamba alijua. Nikaondoka mezani.

Insha yangu bado ninayo. Bado naamini sehemu yake kubwa. Bado naamini kwamba mchezo unaomkodisha mtaalamu wake awe kiti cha kukalia mtu maarufu unajidharau wenyewe, na kwamba wodi ya watoto inaweza kusaidiwa bila binti mgonjwa kufundishwa kwamba kitelezesho chake ni kichekesho. Nyota siku hizi anatangaza bima. Nikimwona nazima televisheni, na kabla ya kuizima namtakia mafuta ya namba tano kila aendako: ngazini, jukwaani, bafuni. Sijamsamehe. Sioni aliyeniomba.

Wazazi wangu walihamia Apple Valley Mama alipostaafu. Nilikwenda kuwasaidia kufunga vitu. Gereji ilikuwa ya mwisho. Kabati la matufe sita Baba alikuwa ameshamgawia kijana mmoja wa parokia. Nyuma ya makopo ya rangi na koleo za theluji, nikaukuta ule mkoba mdogo, na zipu yake ikiwa imeshika kutu. Niliivuta kwa koleo ndogo ya kubania hadi ikaachia.

Tufe lilikuwa la bluu, jipya, halina mikwaruzo zaidi ya ile ya msimu mmoja wa Jumapili. Niliupangusa uso wake kwa shati langu, nikaligeuza tundu la dole gumba likae upande wangu, kama nilivyofundishwa na fundi. Ukiligeuza hivyo tufe la mtu anayetumia mkono wa kulia, tundu la kidole cha pete hukaa kulia. Nilijua vidole vya Baba. Tundu pana lilikuwa kulia. Tundu jembamba lilikuwa kushoto. Tufe lile lilikuwa limetobolewa kwa ajili ya mkono wa kushoto.